Kigingi cha tiara kutoka Unga Limited: kimetuondolea kutembea

Kigingi hiki, chuma cha kuzamisha ardhini na kupitishia nyuzi za tiara, nimekinunua shilingi elfu arobaini na tano kwenye karakana ya kuchomelea vyuma Unga Limited, hapa Arusha. Nianze na hukumu yangu kabisa: kwa anayerusha tiara ya nyuzi mbili bila msaidizi, au anayerusha na mtu ambaye miguu haimruhusu kukimbia uwanjani, hela hiyo imekwenda mahali pake. Kina dosari, na moja si ya kufumbia macho, lakini fundi aliyekitengeneza anaweza kuzirekebisha ukimweleza vizuri kabla hajawasha mashine.

Tiara ninayoisema si ile ya karatasi na njiti za ufagio tuliyoirusha utotoni kwa uzi mmoja. Hii ni ya kuongozwa. Uzi mmoja umefungwa bawa la kulia, mwingine bawa la kushoto, na kila mkono una mshikio wake. Vuta kulia, inapinda kulia. Vuta kushoto, inapinda kushoto. Sawazisha mikono, inakwenda moja kwa moja na kitambaa kinavuma mpaka raha. Zilianza kuenea miaka ya 1970, Mwingereza Peter Powell alipoanza kuuza za kwake, na za dukani siku hizi hushonwa kwa nailoni nyepesi na fito za kaboni. Yangu nimeishona mwenyewe Ngarenaro, ninakoshona na kukarabati mahema ya kampuni za safari. Kitambaa ni masalia ya hema, fito ni za fiberglasi zilizotoka kwenye mahema yaliyovunjika, na upana wake ni mita mbili kasoro kidogo. Ni nzito kuliko za kaboni, kwa hiyo inataka upepo wa kweli. Upepo huo mjini haupo. Miti na majengo yanaukatakata, na Mlima Meru nao unaugeuzageuza. Tunaufuata Meserani, tunapanda Noah za Monduli, kigingi miguuni na tiara imekunjwa kwenye mfuko wake.

Anayeujua mchezo huu anaijua adha yake. Nyuzi kwa kawaida zina urefu wa mita 25 hadi 30. Unaisimamisha tiara chini, unaiegemeza nyuma kidogo isije ikajiinua, unatembea hadi kwenye mishikio, unavuta, inapaa, inaanguka kichwa chini, unarudi kuisimamisha, unatembea tena. Anayejifunza anatembea kuliko anavyorusha. Mtoto wa mdogo wangu, Elibariki, ana miaka kumi na minne na anatembea kwa magongo. Mikono yake ina nguvu, jicho lake kali, na upepo anausoma kunishinda. Nikiwepo mimi, naisimamisha tiara na yeye anarusha. Nisipokuwepo, inabaki ndani. Siku moja akaniambia, "Mama mkubwa, nataka niirushe bila kukuita." Ndipo nilipokwenda kwa fundi.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Kigingi kinazamishwa ardhini upande ambako upepo unatoka. Nyuzi zinatoka kwenye tiara, zinapita kwenye pete mbili za kigingi, kisha zinarudi kule kule iliko tiara, mikononi mwa mrushaji. Pale alipozoea kusimama mtu sasa pamesimama chuma, na mtu amehamia jirani na tiara yake. Ikianguka, ni hatua chache tu kuifikia.

Wengi huniuliza kama kulia na kushoto havibadilishani. Havibadilishani, mradi kila uzi ukae upande wake. Unakitazama kigingi, upepo unakupiga usoni. Uzi ulio kulia kwako unauvuta kwa mkono wa kulia, na tiara inapinda kuelekea kulia kwako. Tofauti ni kwamba sasa unaiona mgongoni badala ya kifuani. Ukitaka kuiongezea nguvu, unarudi nyuma, mbali na kigingi. Ukitaka kuipunguzia, unakisogelea.

Hapo kwenye kusogelea ndipo pa kuwa makini, na karakana haikuelezi. Nyuzi zangu nimezikata mita 45 kila mmoja: mita 20 upande wa tiara, mita 25 upande wa mkono. Kwa kipimo hicho tiara haiwezi kumfikia mrushaji, kwa sababu yeye yuko mbali na kigingi kuliko tiara inavyoweza kwenda. Lakini uzi ni mmoja. Kila mita unayosogea mbele, tiara nayo inapata mita ya kukujia. Mita mbili na nusu tu mbele, na lile pengo lote la mita tano limekwisha. Fito ya fiberglasi ikija kwa kasi usoni haina mchezo. Kwa hiyo sheria yetu ni kwamba tiara ikiwa inaruka chinichini hakuna kusogea mbele, na ikikushinda unaachia mishikio yote miwili kwa pamoja. Mishikio inakimbilia kigingi na kukwama kwenye pete, nyuzi zinalegea, tiara inakosa nguvu na kuanguka. Mshikio mmoja usiuachie peke yake, tiara itazunguka kama pia. Elibariki anavaa kofia ngumu ya baiskeli, na mimi nilimshonea mkanda wa kidevuni usiomkwaruza.

Tuje kwenye chuma chenyewe. Ni nondo ya milimita 16, urefu sentimita 60, chini kimechomelewa bamba lililopindwa mfano wa parafujo, juu kina upau wa sentimita 40 wenye pete kila ncha. Upau huo ndio unaoushika kukizungusha kizame ardhini. Nilipompelekea fundi mchoro aliutazama, akaniuliza, "Mama, ni mbuzi gani huyu wa kufungwa na chuma kizito namna hii?" Nikamweleza. Kila pete inavutwa mara mbili, na tiara upande mmoja na mkono upande wa pili, kwa hiyo kigingi kinabeba karibu maradufu ya kile unachokisikia mkononi. Tena tiara ikipanda juu inakivuta kwenda juu. Vigingi vya hema navijua, ndiyo kazi yangu: kilichonyooka kinavumilia kuvutwa pembeni, lakini ukikivuta juu kinachomoka. Parafujo haichomoki, udongo ulio juu ya bamba unaikalia. Fundi alinielewa kwa haraka kuliko nilivyotarajia, na kazi yake ya kuchomelea ni safi. Nimeikagua mistari yote, haina tundu.

Ardhi ya Meserani wakati wa kiangazi ni vumbi juu na ugumu chini. Tunaanza kishimo kwa panga, tunamwaga maji kidogo, tunasubiri, ndipo tunazungusha. Mvua zikiwa zimenyesha, sentimita 60 hazitoshi. Kwa udongo laini agiza cha sentimita 80.

Sasa dosari ile kubwa. Upau umechomelewa kwenye nondo, na nondo ni parafujo. Ukivuta mkono wa kulia kwa nguvu, ncha ya kulia inavutwa kuliko ya kushoto, na kigingi kizima kinataka kuzunguka. Kwenye ardhi ngumu hakizunguki. Kwenye ardhi laini kinazunguka kidogo kidogo, na kila kikizunguka unapoteza sehemu ya mvuto wako: umevuta, lakini upau umerudisha nusu. Tiara inakuwa nzito kupinda na hujui kwa nini. Dawa yake nimeifanya kwa vigingi vya hema. Nilimrudishia fundi akatoboa tundu kila ncha ya upau, na baada ya kukizamisha napitisha kigingi cha kawaida kwenye kila tundu na kukipigilia. Upau hausogei tena. Karakana ingepaswa kuuza hivyo tangu mwanzo, na nimemwambia hivyo.

Pete ndizo zilizonifurahisha kuliko yote, ila si pete za kwanza. Awali kilikuja na kapi moja kila upande, zile ndogo za chuma zenye kigurudumu, na kwa macho unaona ndiyo kitu sahihi. Uzi wetu una unene chini ya milimita moja. Kapi imetengenezwa kwa ajili ya kamba. Uzi ukilegea kidogo tu, labda tiara imegeuka ghafla, unaruka nje ya mfereji wa kigurudumu na kujipenyeza kati ya kigurudumu na ukuta wake. Hapo umebanwa. Mkono mmoja umekufa, tiara inazunguka upande uliobanwa mpaka ipige chini, na kuutoa uzi unahitaji ncha ya mkasi na subira. Nilipozichunguza kwa kioo cha kukuzia niliona uzi umeota manyoya pale ulipobanwa.

Fundi akaniletea vipete vya kauri, aina ile inayoongoza nyuzi kwenye mashine za viwanda vya nguo. Vyeupe, laini, havina kinachozunguka, havina pa kubana. Amevifunga ndani ya pete ya chuma kwa gundi ngumu. Pitisha kidole ndani yake: hakuna mkwaruzo wala kona. Uzi unateleza bila sauti, na vumbi la Meserani likiingia unapuliza tu. Msuguano upo. Ukishika tu, unausikia mvuto mdogo kuliko ulivyo kweli. Ukivuta, unatumia nguvu zaidi kidogo. Mkono unazoea. Kwangu mimi kauri imeishinda kapi moja kwa moja, na kama fundi atakuambia kapi ni bora kwa sababu inazunguka, kataa kwa heshima.

Uzi usiweke wowote. Nailoni ya kuvulia samaki inanyumbuka. Unavuta sasa, tiara inatii baadaye. Uzi wa pamba unakatika. Tumia ule wa kusuka wa Dyneema, aina ya plastiki imara sana, au uzi wa kuvulia wa kusuka wa aina hiyo hiyo: haunyumbuki, unateleza juu ya mwenzake hata nyuzi zikisokotana tiara ikizunguka, na msokoto unabaki upande wa tiara, hauji mkononi. Kitu kimoja tu kinauua, joto. Unayeyuka kwenye nyuzi joto kama 150 hivi, kwa hiyo usiache ukavuka uzi wa nailoni wala kusugua mahali penye makali. Kigingi kikifika kwako, pitia kingo zote za upau kwa msasa. Changu kilikuja na kijino cha chuma karibu na pete ya kushoto ambacho tupa ilikiondoa kwa muda mfupi.

Kwa tiara za nyuzi nne sikishauri. Zile zinaweza kurudi kinyumenyume na kusimama hewani kwa sababu nyuzi za juu zinalegezwa huku za chini zikivutwa. Uzi uliolegezwa hauna nguvu ya kujivuta kwenye pete, unabaki pale pale, na breki inakuja kwa kuchelewa. Rafiki yangu anayo moja, tulifunga pete nne, ikapaa vizuri lakini kurudi nyuma ikagoma. Mwenye nyuzi nne aendelee kusimama mahali pake.

Elibariki anakaa kwenye kiti cha kukunja, mita 25 kutoka kigingini, pembeni kidogo ya mstari wa katikati, amekanyaga gogo ili asivutwe. Tiara inashukia pembeni mwa uwanja, siyo katikati, kwa sababu katikati nyuzi za mkono zinapita usawa wa magoti na itazinasa. Ikianguka, anashika gongo lake moja, anaifikia, anaiegemeza, anarudi kwenye kiti, anavuta. Mimi nakaa chini ya mgunga na chupa ya chai. Wachunga ng'ombe wakija wanaketi karibu naye, si karibu na kigingi, na ndiye anayewaelekeza wapitishe mifugo nyuma yetu.

Chamchela zikianza kuinuka, ile nguzo ya vumbi inayotembea, tunashusha mara moja. Ikiipata tiara inaichukua na nyuzi zake zote. Na tafadhali, si karibu na uwanja wa ndege wa Kisongo, wala karibu na nyaya za umeme. Endelea mbele mpaka pawe wazi.

Ukienda Unga Limited, mwambie fundi mambo haya kwa pamoja: nondo ya 16, urefu kulingana na udongo wako, matundu kwenye ncha za upau, vipete vya kauri, kingo zote zipigwe tupa. Mimi nilisubiri kuliko alivyoahidi na nilimpigia simu mara nyingi, kwa hiyo usimlipe yote mwanzoni; lipa nusu, nusu ukishapitisha kidole kwenye pete mwenyewe. Kauri zinaongeza elfu nane juu ya bei. Zilipe.