Jiko lenye kiuno: tunapitia jiko la kauri la Kenya

Pana juu, jembamba katikati, pana tena chini. Ukiliona limepangwa kibandani, bati lake limepakwa rangi, huwezi kudhani kwamba kiuno kile kilipatikana baada ya majaribio mengi. Jiko la kauri la Kenya, ambalo wengi huliita tu jiko la udongo, lilianza kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, robo karne kabla ya M-Pesa. Tunalipitia kama bidhaa ya kununua. Lakini pia, mtu akituuliza ubunifu wa biashara ni nini, tunamwonyesha jiko hili kabla ya kumwonyesha simu.

Vipande vyake vingi ni vya kuazima. Wazo la kuweka kikombe cha udongo ndani ya chuma lilitoka Thailand, kwenye jiko lao la ndoo. Ganda la bati mafundi wa jua kali walikuwa wakilikata siku zote. Kilicho kipya ni namna vilivyokutanishwa. Miundo ya kwanza ilishikilia joto jingi mno: udongo ukatanuka na kupasuka, bati likachoka mapema. Dawa ikawa kiuno. Bati linabanwa katikati, kikombe kinakaa nusu ya juu tu, mahali penye moto, na nusu ya chini inabaki wazi kwa hewa na jivu. Kitako nacho kikapanuliwa. Ukitaka kujua kwa nini, msimamie mtu anayesonga ugali wa watu wanane: mkono mmoja umeshika sufuria, mwingine unakandamiza mwiko kwa nguvu zote. Jiko lenye kitako chembamba halimalizi ugali ule likiwa wima.

Sehemu ya pili ya ubunifu haionekani kwa macho, nayo ndiyo tunayoipa alama nyingi zaidi. Mfinyanzi hufinyanga na kuchoma vikombe. Fundi bati hukata na kukunja ganda. Wa tatu, au mmoja wao, huviunganisha. Hakuna aliyelazimika kuacha ufundi wake ajifunze wa mwenzake, wala hakuna kiwanda kilichosubiri mkopo. Anayetaka kuiga aliiga, ushindani ukateremsha bei, na umbo lile likavuka mipaka: Ethiopia wana Lakech, Ghana wana Gyapa.

Je, linafanya kazi? Jiko la bati tupu hufikisha kwenye sufuria kama asilimia 10 hadi 20 ya joto la makaa. Sehemu kubwa ya joto lililobaki hupotelea ubavuni, ndiyo maana huunguza miguu. La kauri hufikisha asilimia 25 hadi 40. Tofauti hiyo utaiona kwenye mkebe wa makaa, ila si kwa kila chakula. Udongo hunywa joto kwanza kabla ya kulirudisha, kwa hiyo kwa chai ya haraka jiko la bati linaweza kulitangulia. Liwekee maharagwe au githeri, maji yakichemka ufunge mlango wa jivu ubaki upenyo mdogo tu, hapo ndipo utajua umenunua nini.

Sasa ubaya. Kwa kuwa kila mtu anaweza kulitengeneza, kila mtu hulitengeneza, na majiko mawili yanayofanana kwa rangi yanaweza kutofautiana kama mchana na usiku. Kasoro tatu hurudi kila mara. Kikombe kisichoiva vizuri tanurini: kigonge kwa ukucha. Kilichoiva hulia kama chungu kizima. Kisichoiva hutoa mlio mzito uliokufa, na baada ya muda matundu ya chekeche, yaani kitako cha kikombe kinachobeba makaa, humomonyoka, makaa yakaangukia jivuni. Kasoro ya pili ni kati ya kikombe na bati. Panatakiwa mchanganyiko wa simenti na vemikulaiti, madini mepesi yenye matabaka ya hewa, na vemikulaiti izidi simenti mara kadhaa. Simenti ikizidi, joto hupita. Anayebana matumizi hujaza tope, nalo hukauka, hupasuka, kikombe kikaanza kucheza. Litikise kabla ya kulipa. Ya tatu ni bati jembamba kiunoni na kwenye vishikio vya sufuria. Bonyeza kwa kidole gumba, likibonyea, rudisha.

Lililo zuri nalo huharibiwa na mwenye nyumba. Siku ya kwanza usilijaze: washa moto mdogo, uuache ufe polepole, unyevu uliobaki kwenye udongo utoke. Usizime makaa kwa maji ndani ya jiko, hata mara moja, maana udongo wa moto ukikutana na maji hupasuka papo hapo. Vunja makaa yawe ya ukubwa wa yai. Makubwa huinua sufuria juu ya vishikio, na vumbi la makaa huziba matundu, kisha mtu anapepea na kulaumu fundi. Jivu litoke kila siku, la sivyo hewa haipandi.

Na liwashwe nje. Kupungua kwa makaa hakuondoi kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu. Kulala nalo chumbani kumefungwa, eti baridi ya Julai, ni hatari kama kulala na jiko lolote lile la makaa.

Ukilinganisha na Jikokoa, jiko la makaa linalotengenezwa na kampuni ya Burn kiwandani Ruiru, la kauri hushindwa kwa kubana makaa na kwa usawa wa ubora. Kila Jikokoa ni pacha wa mwenzake. Lakini bei yake ni mara kadhaa ya la kauri, na likiharibika fundi wa mtaani hana mengi ya kufanya. Kikombe cha la kauri kikipasuka, kipya huuzwa peke yake: unabandua cha zamani, unasugua bati, unapaka mchanganyiko mpya, unakiacha kikauke siku chache kivulini.

Anayepika chakula cha kuchemka muda mrefu kila siku, na hana fedha za kutoa kwa mkupuo, anunue la kauri. Anayechemsha chai asubuhi akatoka asijisumbue. Mwenye kibanda cha chakula na anayeweza kukopa, apige hesabu ya gunia la makaa kwa miezi 3 kwanza. Huenda jiko la kiwandani likamfaa zaidi.