Dawa ya chembechembe ya kuzibulia sinki: kazi inafanya, lebo ndiyo inayopotosha

Dawa hii ya kuzibulia mabomba ni chembe nyeupe za kostiki soda, yaani sodiamu hidroksidi, zilizochanganywa na vipande vidogo vya alumini. Kwa kazi yenyewe sina malalamiko: mafuta yaliyoganda iliyageuza sabuni, nywele ikaziyeyusha, na maji yaliyokuwa yametuama sinkini yakashuka. Mfuniko nao ni mzuri, kwani haufunguki mpaka uubonyeze na kuuzungusha kwa pamoja.

Kasoro iko kwenye lebo. Maonyo hayakupangwa kwa ukubwa wa hatari, hata msomaji hawezi kujua lipi la kuogopa kwanza. Onyo la kutovuta mvuke limechapishwa kwa herufi kubwa, ilhali kostiki soda haitoi mvuke kama amonia. Kinachopanda ni ukungu wa matone, unaorushwa na joto la mchanganyiko pamoja na mapovu ya haidrojeni yanayotokana na alumini. Kufungua dirisha, kuweka uso mbali na sinki na kuzima moto wowote ulio karibu kunapunguza sana hatari hiyo.

Hatari kubwa ni jicho, nalo limetajwa mara moja tu, kwa maandishi madogo, chini ya huduma ya kwanza. Asidi nyingi hugandisha tabaka la juu la jicho na kwa kiasi fulani hujizuia zenyewe, lakini alkali kali kama hii huendelea kupenya ndani. Kwa hiyo glavu ndefu za mpira, ambazo lebo inazisisitiza, hazitoshi bila miwani inayoziba hadi pembeni. Tone likiingia, jicho lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, ndipo safari ya hospitali ianze.

Lebo pia haitaji asilimia ya kostiki soda, na hapo ndipo kipimo cha hatari kilipo. Katika kanuni za Umoja wa Ulaya, mchanganyiko wenye asilimia 5 au zaidi huwekwa katika daraja la juu kabisa la kuunguza ngozi, na ule wa kati ya asilimia 0.5 na 2 huhesabiwa kuwa wa kuwasha tu. Asilimia ya dawa hii niliipata katika sehemu ya 3 ya karatasi ya taarifa za usalama, ambayo mtengenezaji anaitoa kwa anayeiomba (wangapi wanaiomba?).

Nyota tatu kati ya tano. Bomba likikataa kuzibuka, usiongeze dawa nyingine juu yake, hasa ya asidi, kwa kuwa mchanganyiko huo huchemka na kuruka. Fundi akiitwa, aambiwe kabla hajafungua kiungo chochote kwamba maji yaliyomo yana kostiki soda. Hilo nalo lebo haikulisema.