TAHADHARI: kokopiti ya viroba vya bluu, Arusha na Moshi

Ndugu zangu wa maua ya ndani, yule anayetuuzia kokopiti (unga wa makumbi ya nazi wa kupandia maua) kwenye viroba vya bluu ni tapeli. Leo yuko Njiro, kesho Sakina, mwisho wa wiki anashuka Moshi. Msinunue kwake hata ya elfu moja.

Tulivyoingizwa mjini mchana kweupe ni hivi. Anatoa tofali kavu la gramu 650, analiweka kwenye beseni, anamimina lita 4 za maji ya uvuguvugu. Tofali linaumuka mbele ya macho yako mpaka linajaa ndoo ya lita 8, laini, nyuzi fupi, rangi ya kahawa. Anakushikisha. Ukiminya yanatoka matone machache, ukiachia inafumuka. Hiyo ni kokopiti safi, hakuna wa kubisha. Halafu anasema, "Mama, usihangaike kuloweka, chukua iliyo tayari." Anapandisha kiroba kwenye mzani, unalipa kwa kilo.

Kwa kilo! Kokopiti hubeba maji mara 7 au 8 ya uzito wake. Kiroba cha kilo 20 kilicholowa hakifikishi kilo 3 za kokopiti, zilizobaki ni maji ya bomba. Na hizo chache zenyewe zimechanganywa na maranda ya mbao.

Tulimwamini kwa sababu uongo wake ameufunika kwa ukweli. Anakuuliza kama masale yako ya chungu yanaungua ncha. Ukikubali, anakwambia ni floraidi ya maji ya Meru. Ni kweli, maji ya huku yana floraidi nyingi na masale hayaipendi. Mtu anayejua hilo utamshuku vipi? Kumbe anajiwekea kinga. Makumbi ya pwani mara nyingi huloweshwa maji ya chumvi, yasipooshwa yanakuja na sodiamu na potasiamu, halafu yanaushikilia mmea kalsiamu yake. Ncha zinaungua vilevile. Ukirudi kulalamika, jibu analo. Maranda mabichi nayo yanakula naitrojeni, majani yanapauka.

"Perlaiti" yake ndiyo aibu kubwa. Perlaiti ni kioo cha volkano kilichofurishwa kwa moto, ukiisugua vidoleni inasagika unga. Yake inabonyea na kurudi: ni lile povu jeupe la kwenye boksi la televisheni, halishiki tone la maji.

Apelekwe Wakala wa Vipimo kwa mzani wake, apelekwe polisi kwa utapeli wake, na arudishe hela ya kila mtu. Msimwonee huruma.

Mlioshanunua: kikombe 1 cha kokopiti, kikombe 1 na nusu cha maji ya mvua, nusu saa, chuja, pima EC (kipimo cha chumvi kwenye maji). Ikizidi 1 mS/cm, usipandie. Kama huna kipimo, otesha humo maharage 10. Majani yakitoka yameungua kingo, shuku chumvi. Kuiosha, loweka na kumwaga mara 3, kisha ilale usiku kucha kwenye maji yenye mbolea ya kalsiamu naitreti, gramu 2 kwa lita, halafu suuza. Ukiona vipande bapa vyenye mistari ya mbao, hayo ni maranda, tupa kwenye mboji. Tofali nunueni kavu, likiwa limefungwa, mkaloweke wenyewe nyumbani.