Nyumba moja au jengo la fleti nne: upangishe kipi?

Kwa mtaji wa kuanzia, nyumba moja inashinda. Bei yake huwa ndogo, na siku ukitaka kuiuza wateja ni wengi, maana hata anayetafuta pa kuishi na watoto wake atakuja kuiangalia. Jengo la fleti humvutia zaidi mwekezaji mwenzako, naye atapiga hesabu kwanza.

Uhakika wa kodi ndiyo hoja nzito. Mpangaji wa nyumba moja akihama, nayo ikakaa wazi miezi 2, umepoteza asilimia 17 hivi ya mapato ya mwaka mzima. Kwenye fleti 4 zenye kodi sawa, moja ikikaa wazi muda uleule, pengo ni asilimia 4 tu. Rejesho la mkopo halisubiri mpangaji mpya, kwa hiyo tofauti hiyo naiona kubwa mno.

Matengenezo yana pande mbili. Jengo lina paa moja kwa wapangaji wote, na hiyo ni nafuu. Lakini bomba likivuja bafuni juu, doa la kahawia linatokeza kwenye dari ya chini, na unapigiwa simu na wapangaji wawili usiku mmoja. Taa za ngazi na usafi wa korido navyo ni juu yako. Mpangaji wa nyumba nzima mara nyingi hufagia uwanja mwenyewe.

Unaishi mbali na huna msimamizi? Chukua nyumba moja, ila weka kando akiba ya marejesho ya miezi kadhaa. Una muda, fundi mwaminifu na mtaji wa kutosha? Fleti zitakufaa zaidi.