Anodi za boti ya maboya: zinki, magnesiamu au alumini?

Katika vyote vinavyouzwa kwa ajili ya kutunza boti ya maboya, yaani ile yenye sakafu bapa inayoelea juu ya mitungi mirefu ya metali (sabuni, nta, turubai, rangi), anodi, kipande hiki cha metali kisicho na sura, ndicho tunachokipa alama ya juu kuliko vyote. Tatizo ni kwamba dukani aina zote tatu zinafanana, na ukichukua isiyofaa maji yako ni sawa na kutofunga chochote.

Maboya mengi hutengenezwa kwa alumini ya aloi ya 5052, unene wake kati ya milimita 2 na 3 hivi. Alumini hiyo ikiwa majini pamoja na rafadha ya chuma cha pua au kiungio cha shaba, na vyote vimeunganishwa na mwili wa boti, mkondo wa umeme huanza kutembea na alumini ndiyo inayoliwa. Kwanza huonekana unga mweupe, kisha vijishimo, kisha boya linaingiza maji. Anodi ni metali inayoliwa kwa wepesi zaidi, hivyo hutangulia kuliwa badala ya boya.

Zinki ni kipenzi cha wazee wa baharini, na kwenye maji chumvi inafanya kazi vizuri. Kwenye ziwa au mto ni hasara tupu: hujivika ganda jeupe gumu na kunyamaza. Mwenye boti huitazama baada ya mwaka, akaiona nzima kama ilivyonunuliwa, akafurahi. Hapo ndipo pa kuogopa. Anodi isiyopungua haifanyi kazi.

Magnesiamu ina nguvu kubwa, takribani volti -1.6 ikipimwa kwa elektrodi ya fedha (kipimo rejea kinachozamishwa majini), ilhali zinki ni kama -1.03; kadiri namba inavyozidi kuwa hasi, ndivyo nguvu inavyozidi. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hupitisha umeme kwa shida, kwa hiyo nguvu hiyo inahitajika huko. Baharini huisha kwa wiki chache tu. Tena hulinda kupita kiasi: karibu na alumini maji hugeuka kuwa ya alkali, rangi inatoka malengelenge na boya lenyewe huanza kulika. Boti inayohama kati ya ziwa na bahari isifungwe magnesiamu kamwe.

Alumini (ndiyo, alumini kulinda alumini) huchanganywa na zinki na indiamu kidogo. Indiamu ndiyo inayozuia ganda lisijifunge. Hufika takribani volti -1.1, hufanya kazi baharini, milangoni mwa mito na hata kwenye maji baridi mengi. Kilo moja hutoa umeme wa kulinda wa takribani saa-ampea 2,500 dhidi ya 780 za zinki, na ni nyepesi. Kwa boti nyingi za maboya hii ndiyo chaguo letu; magnesiamu tunaiachia boti isiyotoka kwenye maji baridi safi sana. Tafuta maandishi MIL-A-24779, kiwango cha jeshi la Marekani, kwenye kifungashio (kwa zinki ni MIL-A-18001). Zilizoyeyushwa kutoka kwenye vyuma chakavu hazifai: alumini bila indiamu hujifunika, na zinki yenye chembe za chuma cha kawaida huzimika upesi.

Kufunga ndiko kunakoharibiwa zaidi. Usitoboe boya hata siku moja; funga kwenye mkuku ulio chini yake au kwenye kibebeo cha injini, mahali panapobaki majini wakati wote boti imefungwa gatini. Kwangua rangi mpaka alumini ing'ae, tumia bolti za chuma cha pua na washa zenye meno, kisha pima kwa multimita kati ya anodi na boya: usomaji uwe chini ya omu 1. Fanya hivyo kwa kila boya. Usipake anodi rangi, na usichanganye aina, kwa sababu yenye nguvu itamalizwa ikizilinda zile dhaifu. Badilisha ikishalika nusu.

Ukiwa na elektrodi ya fedha, izamishe majini, gusa alumini iliyo wazi kwa ncha ya pili ya multimita. Kati ya volti -0.95 na -1.10 uko salama. Ikielekea -1.2 umezidisha.

Kuna mambo matatu ambayo anodi yoyote, hata iliyo bora, haiwezi kuyashinda kwa muda mrefu. La kwanza ni rangi ya kuzuia konokono na magugu yenye shaba ndani. Kwa alumini nunua isiyo na shaba, juu ya praima ya epoksi. La pili ni plaiwudi ya sakafu iliyotiwa dawa ya shaba: ikilowa, dawa huchuruzika kwenye boriti za alumini na kuzitoboa mahali usipopaona. La tatu ni waya wa umeme wa gati, kwani waya wa ethi hukuunganisha na boti za majirani, na anodi yako huanza kuwalinda wao. Ikiisha kwa miezi miwili au mitatu, chunguza hapo kwanza kabla ya kuilaumu anodi, kisha funga kitenganishi cha galvani (kifaa kinachozuia mkondo huo mdogo usipite) kwenye waya huo wa ethi.