Kompyuta ya sebuleni: i7 ilinitoa jasho, i5 ya mtumba ikanistiri

Mwaka jana tulimwoza mdogo wangu. Siku ya kupamba tulifanya kama ifanywavyo kwetu Mji wa Kale: simu zote ziliachwa mlangoni ndani ya kapu, wanaume mbali kabisa, na video ikapigwa na msichana mmoja tunayemwamini. Wiki tatu baadaye akaniletea kazi yake kwenye diski ya nje, faili moja la gigabaiti 38, saa moja na dakika arubaini. Akaniambia, "Dada, nimeipiga kwa 4K, fremu 50 kwa sekunde. Utaona kila ushanga." Masharti ni yale yale tuliyokubaliana tangu mwanzo: haiendi YouTube, haiendi WhatsApp, haiwekwi popote kwenye intaneti. Itatazamwa sebuleni kwa mamangu, na wanawake wa nyumba hii.

Ndipo nikaanza kutafuta kompyuta ya kukaa chini ya runinga. Najua kuna atakayeuliza mbona sikuichomeka diski kwenye runinga moja kwa moja. Nilichomeka. Picha ilitoka, sauti haikutoka. Na hata ingetoka, nina DVD za taarab za marehemu baba, nina harusi za shangazi zangu zilizotolewa kwenye kanda za VHS, nina katuni za watoto, na vyote vimezagaa kwenye flashi sita ambazo kila mmoja nyumbani asema hakuziona. Nilitaka kitu kimoja kinachobeba vyote na mamangu akiweze.

Nikaenda mjini kwenye duka linalouza ex-UK, yaani mitumba ya maofisi ya Uingereza. (Raha yake moja: plagi ni zile zile zetu za miguu mitatu.) Kijana wa pale alinitazama na buibui langu akaamua mimi ni mtu wa kuambiwa, si wa kuulizwa.

"Mama, kama ni video nzito chukua i7. i5 itakusumbua."

Akanitolea tawa kubwa, yaani kompyuta ile ya kusimama, yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel i7-3770, RAM gigabaiti 16, shilingi 19,000. Nikalipa, nikatafuta tuktuk.

Jioni ile nikaiwasha mbele ya mamangu na shangazi wawili. Video ilienda sekunde nne hivi, ikakwama. Sauti ikaendelea na safari yake, picha ikabaki nyuma. Vigelegele vyasikika na bi harusi hata mlango hajaupita. Feni ikaanza kulia kama mashine ya kusaga mahindi. Nilipofungua dirisha la kuangalia kazi ya prosesa, ilikuwa asilimia 100 na haishuki. Shangazi akauliza kama harusi yenyewe ndiyo ilikuwa hivyo.

Nililala nikiwa na hasira, nikaamka nikasoma. Kumbe nguvu haikuwa tatizo. Video za siku hizi hubanwa kwa mtindo wa H.265, wengine huuita HEVC, ili faili lisiwe kubwa kupita kiasi. Kuifumua video hiyo kwa prosesa tupu ni kama kukuna nazi kwa kisu: utakuna, lakini wageni watalala njaa. Prosesa mpya zina mbuzi wao wa kukunia mle ndani, sehemu ya chipu ya picha iliyotengenezwa kwa kazi hiyo moja tu, na ikiwepo, prosesa yenyewe hukaa kama haina shughuli. Ile i7 yangu ilitoka mwaka 2012. H.265 ilipitishwa 2013. Hata ingekuwa na RAM gigabaiti 64, mbuzi hana.

Kwa hiyo acha kutazama hiyo i5 au i7, tazama nambari inayofuata baada ya kistari. i7-3770 ni kizazi cha 3. i5-6500 ni cha 6. i5-7500 ni cha 7. Ukiona tarakimu tano, kama i5-10500, basi mbili za mwanzo ndizo kizazi. Kwa Intel, kizazi cha 6 huifumua H.265 ya kawaida, ile ya biti 8 (biti ni kipimo cha wingi wa rangi). Cha 7 ndicho kinachomudu ya biti 10, pamoja na VP9, mtindo mwingine wa kubana video ambao YouTube huutumia kwa 4K. AV1, mtindo mpya zaidi, wahitaji kizazi cha 11 kwenda mbele. Harusi yetu ni H.265 ya biti 10. Hivyo kwangu mimi mpaka ulikuwa cha 7, na i5 ya kizazi cha 7 ingeipita ile i7 bila kuhema.

Duka lilikataa kurudisha pesa. Walisema nimeshaitumia. Sitataja jina, na wala sikutukana, ila nilijifunza kuuliza kabla ya kulipa.

Mara ya pili nilikwenda kwingine, na nilikwenda na diski yangu. Nilimwomba yule msichana anikatie kipande cha dakika mbili cha ukumbi mtupu, viti na maua tu kabla wageni hawajaingia, kwa ubora ule ule. Hiki ndicho nilichomwekea muuzaji. Huyu alikuwa mzee wa makamo, hakuniuliza mume wangu yuko wapi. Akachomeka, akaniachia kibodi, akaenda kunywa kahawa yake. Nilijaribu tatu. Iliyonipendeza ni HP EliteDesk 800 G3 ile ndogo kabisa, ina i5-7500T, RAM gigabaiti 8, SSD, yaani diski ya ndani, ya gigabaiti 256. Ukubwa wake ni kama boksi la haluwa: sentimita 18 kwa 18, unene hata 4 haufiki. Ile T mwishoni ina maana prosesa imepangiwa wati 35. Ya lile tawa ni 77. Ukumbi mtupu ukapita kwenye skrini laini kabisa, na prosesa ilikuwa asilimia 10 mpaka 15. Nikalipa 18,500.

Nilidhani yameisha. Bado.

Kompyuta hii haina HDMI, kwa hii yangu angalau. Ina matundu mawili ya DisplayPort, aina nyingine ya tundu la kutolea picha. Runinga ina HDMI. Nikanunua adapta ya shilingi 400 njiani, nikafunga, nikaweka video. Haikukwama hata mara moja, ila kulikuwa na kitu hakikai sawa. Kamera ikipita juu ya watu, watu wanaruka ruka. Ilipofika chakacha ndipo nikaelewa: viuno vya binti za Mombasa vilikuwa vinakatika vipande vipande kama saa mbovu. Mamangu akasema, "Hawa hawajui kucheza." Wanajua sana.

Adapta ile ya rahisi hupitisha 4K kwa mara 30 tu kwa sekunde, kwa sababu ni ya HDMI 1.4. Video ni fremu 50. Ukizilazimisha 50 zipite mlango wa 30, nyingine lazima ziachwe nje, na zinazoachwa haziachwi kwa mpango. Nikarudi mjini kutafuta adapta ya HDMI 2.0, ile inayoitwa aktivu. Duka la kwanza: "Hizo zote ni moja, dada." Si moja. La pili walikuwa nayo, shilingi 1,800, imeandikwa 4K 60Hz ubavuni. Halafu kwenye mipangilio ya Kodi, programu ninayochezea video, kuna sehemu ya kuiruhusu kompyuta ibadilishe kasi ya skrini ifuate video. Imezimwa mwanzoni, iwashe. Runinga hupepesa giza sekunde moja, ikirudi iko 50. Viuno vikarudi kwa wenyewe.

Kuhusu programu sitaki kukaa sana. Ilikuja na Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025, na prosesa za kizazi cha 7 karibu zote hazimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11. Niliifuta nikaweka LibreELEC, mfumo mdogo ambao kazi yake ni kuwasha Kodi na kukaa kimya. Ni ya bure, yaingia kwa flashi, na kuiweka kulinichukua muda mfupi kuliko kupika chai ya maziwa. Upungufu wake ni kwamba haina kivinjari, na Netflix usiitegemee humo. Hiyo tunaitazama kwa programu ya runinga yenyewe. Kwangu ni sawa. Ile kompyuta hata intaneti siiunganishi, na hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu.

Sasa joto, kwa sababu hapa ni Mombasa na walioandika maelekezo ya hizi mashine hawajawahi kulala hapa mwezi wa Februari. Niliiweka ndani ya kabati la runinga, mlango wa kioo, safi kwa macho. Kaskazi ilipochachamaa, prosesa ikafika nyuzi 84 na feni ikaanza kusikika kwenye matukio ya kimya. Nikaitoa, nikaisimamisha ubavu pembeni ya runinga: 61. Sikubadilisha kingine chochote. Baada ya miezi minane nikaifungua kuipuliza vumbi, na nikakuta skurubu za nyuma zimeanza kutu. Sisi tuko hatua chache kutoka baharini, dirisha liko wazi mchana kutwa, chumvi haina hodi. Tangu hapo kila baada ya miezi mitatu naifungua, brashi laini, kitambaa kikavu, na matundu nisiyoyatumia nimeyaziba kwa vifuniko vya plastiki. Pesti ya kupitisha joto la prosesa nilimwachia fundi aibadilishe kwa shilingi 300, mkono wangu si mwepesi hivyo.

Stima nayo. Kompyuta yenyewe hutumia chaja kama ya laptopu, kwa hiyo haijali sana umeme ukipanda na kushuka, lakini diski ya nje hujali. Nimeweka UPS (kifaa cha umeme wa akiba) ndogo ya mtumba yenye betri mpya, yatosha dakika kumi za kuzima kwa adabu. Kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta yenyewe, kuna chaguo la kuwaka yenyewe stima ikirudi. Nimeliwasha, la sivyo mamangu hunipigia simu kazini kuniambia mashine imekufa. Na tokeni: nilipima kwa kile kipimo cha kuchomeka ukutani. Tawa ilikuwa ikila wati 95 ikicheza video, hii ndogo 15. Kwa saa nne kila siku, mwezi mzima, ni yuniti 11.4 dhidi ya 1.8.

Ambacho bado chanikera ni rimoti. Kompyuta za namna hii hazisemezani na runinga kupitia HDMI kama maboksi ya runinga yanavyofanya, kwa hiyo rimoti ya runinga haiendeshi Kodi. Nilinunua kibodi ndogo isiyo na waya. Mamangu aliishika kama aliyeshikishwa mtoto wa watu. Sasa ana rimoti ya pili yenye kipokezi cha USB, shilingi 1,200, nayo nimeifunika vitufe vyote kwa selotepu isipokuwa saba. Anaiweza. Lakini ni rimoti mbili mezani, na wajukuu huificha moja kila Ijumaa. Kwa hilo Raspberry Pi, kile kikompyuta cha bodi moja, ingeishinda HP yangu: inasemezana na runinga vizuri, na Pi 4 na Pi 5 zote zina mbuzi wa H.265. Nilipiga hesabu ya Pi, boksi lake, chaja yake, kadi yake, nikaona nakaribia bei ya HP bila kuwa na nafasi ya SSD ndani, nikaacha.

Binamu yangu wa Nyali yeye alinunua kiboksi kipya chenye Intel N100. Prosesa yake ni ya wati 6, inafumua hadi AV1, na ina HDMI moja kwa moja. Alilipa 27,000. Nimekaa kwake nikaitazama, ni nzuri, na kama ningekuwa naanza leo na pesa ninazo ningeichukua hiyo nikaepukana na mambo ya adapta. Ila ya kwake haina jina linalojulikana, na akiniuliza itadumu miaka mingapi kwa chumvi hii sina la kumjibu. HP yangu ilishafanya kazi ofisini miaka kabla haijapanda meli, na skurubu zake za mtumba mtu yeyote wa mjini anazo.

Harusi yenyewe iko kwenye diski mbili. Moja imechomekwa pale sebuleni, ya pili iko kabatini kwa shangazi Likoni, imefungwa ndani ya mfuko wa zipu na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu.

Na lile tawa? Nilimuuzia mpwa wangu kwa 11,000, alitaka ya kusomea. Anasema i7 yake ni kali mno. Sikumwambia kitu.