Uzoefu wangu: fundi aliyechokonoa jeti za CG ya baba kwa waya wa klachi

Naandika nikiwa bado na hasira, mtanisamehe. Pikipiki yenyewe ni Honda CG 125 ya marehemu baba, ile ya Mjapani, ya enzi za platini, kile kifaa cha zamani cha kukatiza umeme wa plagi. Nimeikuta uani kwetu Korogwe imefunikwa turubai, miezi mingi hakuna aliyeigusa, na koki ya petroli imeachwa wazi muda wote huo. Aliyeiacha wazi ni mimi. Nalisema mapema ili nisije nikaambiwa.

Ilikuwa inawaka kwa kiki mbili tatu, lakini ukirudisha choki tu, inakufa. Sailensa, ule mngurumo wa kusimama bila kuvuta mafuta, haishiki. Ukiishikilia mafuta inakwenda, ukiachia, kimya. Anayezijua pikipiki za zamani ameshajua: jeti ndogo, ya sailensa (jeti ni kile kitundu cha kupimia petroli ndani ya kabureta), imeziba kwa petroli iliyokauka ikabaki kama gundi. Mimi nilijua nusunusu, nikaona nimwachie mwenye kazi yake. Nikaelekezwa kwa fundi mmoja, simtaji jina, watu wanamsifu kweli.

Nilipofika hakuuliza kitu. Hakuuliza imelala muda gani, hakutoa plagi aitazame, hakulegeza hata ile skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, linalokaa petroli, aone kama kuna maji. Alipiga kiki moja, akaegemeza kichwa kusikiliza, akatoa hukumu: "Kabureta imekufa hii, bosi. Nunua ya Mchina, nakufungia sasa hivi." Ni kweli, pikipiki nyingi za Kichina zimenakili injini ya CG, na kabureta zake zinaingia. Kuingia ni jambo moja, kukubaliana na injini ni jingine. Jeti zake zimepangwa kwa mashine nyingine. Nikakataa. Hapo ndipo aliponuna.

Akaifungua kabureta kwa vishindo. Akatoa jeti zote mbili, ndogo na ile kubwa ya mwendo, akaokota kipande cha waya wa klachi pale chini, akachomoa uzi mmoja, akaanza kuchokonoa. Ndani, nje, ndani, nje, kama anazibua karo la jikoni. Nikamwambia taratibu, fundi, jeti ni ya shaba laini na waya wako ni chuma, utapanua tundu. Iloweke kwenye petroli, kisha uipulize upepo. Akainua macho. "Mzee, wewe ufundi umesomea wapi? Kama unajua, shika bisibisi." Vijana wa kijiweni wakaangua kicheko. Nami nikanyamaza. Hela niliyompa hainiumi. Kinachoniuma ni kwamba nilinyamaza.

Na tena ikawaka! Sailensa imetulia, choki imerudishwa, mashine inanguruma kama zamani. Nikamshukuru, nikampa na ya soda.

Wiki ileile, au iliyofuata, nikapata msiba Lushoto. Hadi Mombo ilikwenda, ingawa harufu ya petroli ilinifuata njia nzima na mshale wa akili yangu ukawa kwenye tangi tu. Pale Mombo barabara inapoanza kupanda, kona baada ya kona, mashine ikaanza kubanwa pumzi. Moshi mweusi. Eksozi inapasuapasua. Karibu na Soni ikagoma kabisa, nikasimama kando ya korongo na suti ya msiba, mabasi yanapita, watu wananitolea macho dirishani.

Akasimama kijana wa bodaboda, amebeba magunia ya kabichi. "Shikamoo mzee. Imefanyaje?" Nikamweleza. Hakugusa spana. Aliuliza swali moja: ukivuta choki, inapata nafuu au inazidi? Nikamwambia inazidi. "Basi inakunywa kupita kiasi." Akaiwasha kwa taabu, akaanza kupanda nayo, halafu nikamwona anainama na kufunga koki. Nikajua anaikomoa. Ikaenda mbele kidogo inakohoa vilevile, kisha ghafla sauti ikafunguka! Moshi ukakatika, ikapanda kilima kama ina hasira, mpaka mafuta ya kwenye bakuli yakaisha ikazima. Akaiteremsha kwa mserereko hadi nilipo, anacheka. Mafuta yakipungua kwenye bakuli, alisema, yanayovutwa na injini nayo yanapungua. Ikipata nguvu wakati huo, ujue ilikuwa inazidishiwa. Na ukizidi kupanda hewa inazidi kuwa nyepesi. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi, kwa hiyo kilichovumilika Korogwe, Soni kinakuwa balaa.

Plagi ilitoka nyeusi tii, imelowa. Ikifanya kazi vizuri huwa na rangi ya biskuti. Jeti kubwa akaiinua juani: tundu lina mikwaruzo, hata duara si duara tena. Akatoa kikopo cha dawa chenye jeti kuukuu, akatafuta yenye namba ileile iliyogongwa kichwani, akafunga. Hela alikataa mara mbili, nikamlazimisha ya mafuta.

Basi huyo wa Korogwe, msiende. Ndivyo nilivyokusudia kuandika, na nikome hapo. Ila yule kijana aliitazama na jeti ndogo, akasema hii iache, haijaharibika. Maana yake sailensa ninayotamba nayo hadi leo aliizibua mtu yuleyule ninayemtukana. Halafu mdogo wangu ananikumbusha kwamba rimu yake ya nyuma ilisukwa spoki palepale na haijayumba hata nukta. Sawa, rimu mpelekeeni. Labda hata kabureta, kama mtasimama juu yake na waya mmeuficha. Labda siku ile aliamka vibaya tu.

Hapana, hilo la kuamka vibaya nalifuta. Mtu hachekeshi vijana kwa gharama ya mteja aliyemwambia ukweli. Jeti yake nimeihifadhi ndani ya kiberiti, iko kabatini. Anayebisha aje na tochi.